Bagi weka huku, ombi weka kule: Fundi anajibu wasomaji

Wadau habari zenu. Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya programu huria, yaani zile ambazo kodi yake iko wazi na yeyote anaisoma (kodi ya programu jamani, yale maagizo yaliyoandikwa kuiendesha, siyo ya TRA), na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Kumbe wengi mna shida moja, malalamiko na maombi ya watumiaji yamechanganyika kama nguo za dobi asiyeandika majina. Nimechagua barua tano, nyingine nimezipunguza maana kuna mtu kaandika kurasa nne.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi na wenzangu wawili hapa Morogoro tuna programu ya kutunza hesabu za vikoba, kodi yote tumeiweka wazi GitHub, ile tovuti ya kutunzia kodi. Mwanzo tulikua na watumiaji kumi na kitu, sa hivi vikundi ni vingi na kila mtu anatuma lake, huyu anasema riba inakokotolewa vibaya, huyu anataka rangi ya kijani, huyu kasahau nywila. Tiketi (yaani kila lalamiko au ombi lililoandikwa) zilizo wazi ni 212 na sisi tuko watatu na kila mtu ana kazi yake nyingine. Tukifungua ile orodha tunaogopa tunafunga. Tuanzie wapi? (Watatu wa Moro)

JIBU: Marahaba wanangu. Mi nimefurahi, 212 maana yake watu wanaitumia na wamewaamini mpaka wakawaandikia, nendeni kwa Mozilla wenye kivinjari cha Firefox muone, namba za tiketi zao zilishapita milioni 1 na maisha yanaendelea. Wingi siyo tatizo lenu, tatizo mmetupia kila kitu kapu moja, ukilifungua unakutana na mama analia riba imekosewa na pembeni yake kijana anadai kijani, akili inachoka kabla hujaanza, unafunga, kesho hivohivo.

Chukueni ungo mchambue. Mafungu matatu tu, kilichoharibika (ndo bagi, kosa ndani ya programu), kinachotamaniwa (ndo ombi), na swali. Swali ndo jepesi, aliyesahau nywila mjibuni, jibu liwekeni kwenye ukurasa wa msaada, fungeni tiketi. Kazi iko kwenye yale mawili mengine kwasababu mtumiaji hayatofautishi, kwake yeye chochote kisichoenda anavyotaka basi "inakosea". Jiulizeni kitu kimoja tu, je programu iliahidi hiki? Iliahidi na haifanyi, ni bagi. Haikuahidi, ni ombi, hata aliyeandika awe amekasirika vipi.

Tuchukue mfano wa kwenu hukohuko. Mwanachama kakopa 300,000 kwa miezi 3, riba 5% kwa mwezi. Tuseme programu yenu inatoza riba kwenye mkopo wote kila mwezi, 15,000 mara tatu, jumla 45,000. Kuna kikundi kingine kwao riba inapungua kadri deni linavyolipwa, mwezi wa kwanza 15,000, wa pili 10,000, wa tatu 5,000, jumla 30,000. Katibu wao anawaandikia kwa herufi kubwa PROGRAMU INAWAIBIA WANACHAMA 15,000. Bagi hiyo? Hapana, ni ombi, programu imefanya kilekile ilichosema itafanya, ila ni ombi ambalo huenda ni zito kuliko bagi zenu nyingi, na katibu ajibiwe vizuri asionekane mjinga. Sasa siku programu ikileta 45,500 kwenye mkopo uleule, hiyo ndo bagi, na ni ya hatari, acheni kijani acheni kila kitu mkae nayo hiyohiyo.

Hili la kudhani ombi ni bagi ndogo hata wakubwa limewapata. Mwaka 1998 Netscape walipoachia kodi ya kivinjari chao hadharani, jamaa anaitwa Terry Weissman akatengeneza Bugzilla, mfumo wa kutunza ripoti za bagi ambao upo mpaka leo. Kwenye kipimo chake cha uzito juu kabisa kulikua na bagi inayozuia kazi yote, unashuka ngazi kwa ngazi mpaka vijikosa vya maandishi, halafu chini ya vyote ndo maboresho. Yaani ombi lilihesabiwa kama mafua, ugonjwa mwepesi kuliko mingine, wakati hata ugonjwa siyo. Mozilla, waliorithi kazi hiyo ya Netscape, walikuja kutenganisha mwaka 2019, tiketi ikapewa aina yake, ni hitilafu, ni maboresho au ni kazi ya kawaida, na uzito ukawa sehemu yake peke yake. Debian, watu wa mfumo huria wa kuendesha kompyuta, wao wana mfumo wa tiketi wa tangu 1994 unaoendeshwa kwa barua pepe na bado ombi linakaa chini kabisa ya ngazi, wanaliita wishlist, orodha ya matamanio, wamezoea na inawafaa, lakini wale ni watu wenye nidhamu ya ajabu, bagi za ngazi tatu za juu zinaweza kuzuia toleo zima lisitoke. Nyie fanyeni kama Mozilla.

Halafu msichanganye uzito na zamu. Uzito ni inauma kiasi gani, zamu ni tutaishika lini, na haviendi pamoja kila wakati. Jina la programu limekosewa herufi pale ukurasa wa mbele, haliumizi mtu lakini linaaibisha, litoeni leo hiihii ni dakika mbili. Programu inazima kabisa kwenye simu moja ya zamani ambayo wanayo watu wawili, hiyo nzito, ila inaweza kusubiri mwezi. Nimeona miradi inapandisha kila kitu kua "kikubwa sana", basi mwisho wake hakuna kikubwa.

Lebo GitHub wenyewe wanakupa tisa ukifungua repo mpya (kabati la kodi ya mradi), kuna ya bagi, ya maboresho, ya swali, ya iliyojirudia, ya haitafanyiwa kazi na nyingine nne. Zinatosha kabisa jamani. Kuna vijana nawafahamu walitengeneza lebo arobaini na moja, na rangi zake zote, mpaka leo hawajarekebisha bagi hata moja.

La kuandika ripoti, wekeni fomu mtu akifungua tiketi imuulize mwenyewe: toleo gani, simu gani, ulifanya nini, ulitegemea nini, kikatokea nini. Ila tusidanganyane, mweka hazina wa kikoba hawezi kwenda GitHub kujaza fomu, atatuma voisi noti ya dakika nne kwenye WhatsApp saa tano usiku. Kwahiyo wekeaneni zamu, wiki hii mmoja ndo anasikiliza WhatsApp, anauliza yale maswali matano, na anaandika tiketi yeye kwa niaba ya mama, wawili wengine wanaandika kodi bila kusumbuliwa. Wiki ijayo mwingine. Kinachobaki WhatsApp bila kuandikwa hesabuni hakijatokea.

Na zile 212 za sasa, anzeni na mpya mrudi nyuma, jumamosi moja saa mbili tu, msirekebishe kitu, chambueni tu. Mtakuta nyingi ni kitu kilekile kimeandikwa na watu sita kwa maneno sita, chagueni moja iliyoelezwa vizuri muiache, zile tano mzifunge na kila moja muandike "imejirudia, angalia namba fulani", maana mkifunga kimya mwenyewe atafungua tena. Za zaidi ya mwaka muulizeni mwenyewe kama bado inamtokea. Kuna boti, viprogramu vinavyojiendesha, zinazofunga tiketi zenyewe zikikaa siku kadhaa bila mtu kugusa, mi kwenye maswali sina neno, ila kwenye bagi sizipendi kabisa, bagi haiponi kwa kunyamaziwa.

SWALI: Hujambo fundi, mimi ni karani wa data kwa kliniki moja huku Uasin Gishu. Tunatumia mfumo wa rekodi za wagonjwa, ni programu huria. Nilijikaza nikaandikia wenye mfumo kwamba ripoti haiprinti. Baada ya siku mbili wakajibu "kwetu inafanya kazi" na wakafunga. Niliskia vibaya sana, ni kama wameniita mwongo. Sai sina hata hamu ya kuwaandikia tena. (Karani)

JIBU: Pole dada yangu. Ngoja nikupe kisa cha kweli, halafu tutaongea.

Kati ya mwaka 2008 na 2009 watumiaji wa Ubuntu (mfumo huria wa kuendesha kompyuta) walikua wanalalamika OpenOffice (programu huria ya kuandikia barua na hesabu) haiprinti, mara inaprinti, mara haiprinti, hakuna anayeelewa. Mmoja akaeleza kwamba mke wake ndo kagundua, haiprinti siku za Jumanne. Jumanne tu! We fikiria ungekua ndo unapokea hiyo ripoti. Lakini ilikua kweli tupu. Faili linaloenda kwenye printa lilikua limeandikwa tarehe ndani yake, na Jumanne kwa Kiingereza inaanza na herufi tatu, Tue. Kabla ya kuprinti mfumo unatumia kiprogramu kidogo cha kutambua hili faili ni la aina gani, na kwenye sheria za hicho kiprogramu kulikua na sheria moja imeandikwa vibaya, ikiziona zile herufi tatu mahali fulani inasema hili ni faili la Erlang, lugha ya programu isiyohusiana kabisa na barua ya mama wa watu. Basi faili linatupwa, karatasi haitoki, mpaka Jumatano. Tiketi ikahama, ikatoka kwenye OpenOffice ikaenda kwa wenye mfumo wa kuprinti, ikaishia kwa wenye kile kiprogramu, ndo ikapatikana dawa.

Angalia kilichosaidia pale. Siyo ujuzi wa kompyuta, ni mtu aliyekaa akaangalia inagoma lini na inakubali lini. We ndo umekaa mbele ya huo mfumo kutwa, wao hawajawahi hata kuiona printa yako. Wakiandika "kwetu inafanya kazi" maana yake wamejaribu na hawajaiona, hawajakuita mwongo, japo na mimi nasema wazi, kumfungia mtu bila kumuuliza swali hata moja ni utovu wa adabu, nimewahi kulifanya hilo nilipokua kijana na mtumiaji alinirudia na ushahidi nikaona aibu wiki nzima.

Fungua ileile, usiandike mpya, uwaambie hivi kwa mfano: "Natumia toleo fulani, kivinjari Firefox, printa aina fulani. Ripoti ya mwezi ya wagonjwa wasiozidi ishirini inatoka, wakizidi hapo ukurasa unakua mweupe. Imetokea kwenye kompyuta mbili, jana na leo. Nategemea itoke yote. Skrinshoti hii hapa." Na hiyo skrinshoti ufute majina ya wagonjwa na namba zao kwanza, hizo tiketi dunia nzima inasoma. Ukiwapa hivyo sidhani kama watakua na pa kukimbilia.

SWALI: Fundi mi nina hasira. Programu moja ya ramani ya bure naitumia kwenye kazi ya kusambaza mizigo, miaka mitatu nimeomba waweke kitufe cha kutoa orodha ya vituo kwenda Eksel, watu zaidi ya themanini tumeweka dole gumba, mpaka leo kimya. Hii demokrasia gani? (Dereva, Mwanza)

JIBU: Kaka siyo demokrasia hata kidogo, hapo ndo tunapokosea wengi. Hilo dole gumba lenyewe lina historia. Januari 2016 wasimamizi wa miradi mingi waliandika barua ya wazi kwa GitHub wakilalamika kwamba wamechoka, kila ombi lina mistari mia ya watu wanaoandika "+1" tu, na kila "+1" inatuma barua pepe kwa kila mtu. Mwaka huohuo GitHub wakaleta violezo vya tiketi na wakaleta hayo madole ili mtu aunge mkono kimyakimya. Kwahiyo dole lako lilitengenezwa kwanza kabisa kupunguza kelele, linamuonyesha msimamizi watu wanataka nini, halimfungi. Wengi wao wanafanya jioni baada ya kazi, bila malipo.

Ila kuna kitu unaweza kubadilisha. Umeomba kitufe, hujasema shida. Kwanini unataka Eksel? Kama ni kwamba bosi anataka kuona umepita wapi na wapi, labda kuna njia nyingine ambayo kwao ni kazi ya saa moja, na kitufe chako ni kazi ya mwezi. Andika siku yako inavyoenda, unanakili vituo kwa mkono, inakula dakika ngapi. Msimamizi akielewa shida anaweza kukupa kitu kizuri kuliko ulichoomba. Na hao themanini wenzako, mkichanga kidogokidogo mkamlipa devolopa aiandike, kodi iko wazi, hakuna wa kuwazuia, na wenye programu wakiikataa mnaweza hata kuendesha toleo lenu.

Na akikuambia "haitafanyiwa kazi" mshukuru, nasema kweli, hilo ni jibu, unajua utafute programu nyingine. Kinachoua ni kuachwa wazi. Ingawa zipo zinazoachwa wazi kwa makusudi, tiketi namba 1 ya Ubuntu iliandikwa na mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth mwenyewe, Agosti 2004, na malalamiko yake ni kwamba Microsoft ndo wameshika sehemu kubwa ya soko. Ikafungwa 2013. Karibu miaka tisa, na haikua bagi ya programu wala nini, ilikua bendera.

SWALI: Niaje fundi. Nimeiuliza AI ikague kodi ya programu moja maarufu ikanionyesha tundu la usalama. Nataka niiweke kwenye tiketi kila mtu aione, nikiwahi si natoka jina? (Chalii, Arusha)

JIBU: Usithubutu. Tundu la usalama halipelekwi kwenye orodha ya wazi, ukiliandika pale na wezi nao wanasoma kabla dawa haijapatikana. Miradi mingi ina faili la maelekezo ya usalama linasema umwandikie nani, na GitHub kuna njia ya kuripoti kwa siri mradi ukiwa umeiwasha.

Lakini kabla hujamwandikia mtu, je umelijaribu mwenyewe? Maana Daniel Stenberg, Mswidi mwenye curl (programu huria ya kuhamisha data mtandaoni), mwaka 2024 alianza kulalamika hadharani kuhusu ripoti za usalama zilizoandikwa na AI, ndefu, zina lugha tamu, na ndani hamna kitu, kila moja inakula masaa ya watu wa kweli. Linganisha na mhandisi Andres Freund, Machi 2024, aliona kuingia kwenye kompyuta kwa SSH (njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali) kunachelewa kama nusu sekunde tu. Nusu sekunde! Akafuatilia hiyo nusu mpaka akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz (programu huria ya kubana mafaili), toleo 5.6.0 na 5.6.1, akawaambia wahusika wa usalama kwanza, halafu likatangazwa tarehe 29 na vipimo vyake vyote. Huyo jina lilitoka. Wewe kama huwezi kunionyesha tundu linatokea kwenye kompyuta yako, huna tundu, una stori.

SWALI: Shikamoo mzee. Mi ni binti niko mwaka wa pili Mzumbe, nasoma uhasibu, kodi sijui hata mstari mmoja. Natamani kusaidia programu huria lakini naona kila mahali wanataka devolopa. Na Kiingereza changu cha kuandika ni cha kuungaunga. Nina nafasi? (E.)

JIBU: Marahaba binti yangu. Nafasi ipo tena kubwa, wasioandika kodi ndo wanakosekana kwenye hii kazi ya kuchambua. Chukua tiketi mpya, fanya vilevile alivyoandika mtu, uone kama na kwako inatokea, halafu andika "nimejaribu kwenye toleo fulani, imetokea" au "haijatokea". Mstari huo mmoja unamuokolea msimamizi jioni nzima. Firefox wana kifaa kinaitwa mozregression, bagi ikiwa mwezi uliopita haikuwepo na leo ipo, hicho kifaa kinakufungulia toleo la katikati, we unajibu tu nzima au mbovu, kinagawa tena nusu, hata kama kuna matoleo 1,000 katikati yake ni kama mara kumi tu unafika kwenye lile lililoleta shida. Hujaandika kodi hata herufi.

Lugha isikutishe, Kiingereza kifupi chenye hatua zinazoeleweka ni bora kuliko insha. Na Kiswahili nacho kina kazi yake, tangu 2004 walipotoa Jambo OpenOffice, OpenOffice ya Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam watu wanatafsiri programu, na tafsiri nazo zina bagi, unakuta neno halieleweki au limekatwa kwenye kitufe, nani ataliona kama siyo mtumiaji wa Kiswahili?

Ila we umesema uhasibu, na uko Mzumbe. Watatu wa Moro mnanisikia? Mnaye mtu hapohapo kwenu anayejua riba ya 45,000 na ya 30,000 zinatofautiana wapi bila kuangalia kodi. Binti nitumie namba yako nikuunganishe, na ukifika kwao anza na zile tiketi za riba, kijani waachie wenyewe.